Kichanga Aliyezaliwa na Pua Zilizoziba: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Pua ikiziba, si atapumua kwa mdomo?" Mtu mzima, sawa. Kichanga wiki za mwanzo hutegemea pua karibu muda wote, akinyonya na hata akilala. Sasa wapo watoto, takriban 1 kati ya 5,000 hadi 8,000, wanaozaliwa na mfupa au utando ulioziba pale nyuma, pua inapofungukia kooni. Kwa nje pua ni nzuri tu. Zikiwa zimeziba pande zote mbili, akitulia midomo na ulimi vinageuka bluu. Akilia rangi inarudi, maana kilio kimemfungua kinywa. Akichoka kulia, yanaanza upya.

Ndipo wenye kujua wanasema, "Anadeka huyo, mpe ziwa anyamaze." Kumnyamazisha mtoto wa namna hii ni kumfungia njia pekee ya hewa iliyobaki. Mkimbizeni hospitali, na mdomo ubaki wazi njia nzima.

"Ni mafua, mtieni matone ya maziwa ya mama." Mafua gani ya dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa? Muuguzi hupitisha mpira mwembamba kila tundu; ukigota sentimita chache tu ndani, kuna jambo. Kijiko cha chuma kilichopoa, kikishikwa chini ya pua kisipate ukungu, kinaongeza shaka. Jibu kamili hutoka kwenye CT skani, yaani picha ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa. Wakati wa kusubiri, mtoto huwekewa kifaa cha kuacha mdomo wazi na kulishwa kwa mpira wa tumboni. Upasuaji siku hizi mara nyingi hupitia puani kwa kamera ndogo, uso hauguswi.

Ikiziba upande mmoja, na ndiyo hali iliyo ya kawaida zaidi, mtoto anaweza kufika darasani akitokwa kamasi nzito tundu lile lile miaka yote, naye akiitwa mchafu.

Uvimbe wa kuzaliwa nao kwenye shina la pua, hasa unaovimba zaidi mtoto akilia, msiuite jipu wala msiutumbue. Huenda ni sehemu ya ubongo au utando wake iliyochomoza kwenye uwazi wa fuvu, na kuutoboa hualika homa ya uti wa mgongo.

Lile la kwamba mtoto huzaliwa hivi kwa sababu "mama alimcheka mlemavu" halina msingi wowote. Pua huundika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na mara nyingi chanzo cha hitilafu hakipatikani. Ila karibu nusu ya watoto wenye pua zilizoziba hivi wana kasoro nyingine pia, ndiyo maana daktari atataka kupima moyo, macho na masikio.