Mwalimu, huyu mzee mbona anachelewa?

Swali hilo aliniuliza kijana mmoja ninayemfundisha tarumbeta. Tulikuwa tumekaa barazani, simu yangu nimeiegemeza kwenye kikombe kitupu ili sauti ikuzwe kidogo. Yeye ni mpigaji wa matarumbeta ya harusi hapa Dar es Salaam, wale wanaopanda nyuma ya kirikuu na kumsindikiza bibi harusi huku wakikimbizana na bodaboda. Anapuliza kwa nguvu na pumzi anazo. Nilikuwa nimemwekea "West End Blues" ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani. Akasikiliza dakika nzima kimya, mguu ukigonga sakafu, kisha akakunja uso: "Mwalimu, huyu mzee mbona anachelewa?"

Nilicheka, kwa sababu "mzee" mwenyewe siku aliyorekodi wimbo ule mjini Chicago, tarehe 28 Juni 1928, alikuwa hajatimiza miaka 27. Halafu nikaacha kucheka. Kijana alikuwa amesikia, kwa mara ya kwanza tu, kitu ambacho wapenzi wengi wa Armstrong hawajakisikia mpaka leo.

Ukimtaja Armstrong kwetu, wengi wanakumbuka lile koo la kukwaruza, kitambaa cheupe cha kufutia jasho na ule wimbo wa 1967 kuhusu uzuri wa dunia. Hawajakosea, sauti ile naipenda mimi pia. Ila mtu anayemjua kwa kuimba tu ni kama aliyefika sokoni siku ya mwisho ya msimu. Embe bado zipo, lakini zile za kwanza hakuziona. Halafu kuna mkanganyiko wetu wenyewe wa neno "jazz". Sisi tumekua na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na zote hizo ni bendi za dansi, magitaa na rumba. Ukimwambia mtu wa rika la baba yangu kwamba unasikiliza jazz, atakuuliza kama una zile za Mbaraka Mwinshehe.

Turudi kwenye kuchelewa. Jaribu hivi: piga makofi manne polepole, yanayolingana, kisha rudia. Hayo ndiyo mapigo ya wimbo huu, manne kwa kila kipimo, na vipimo 12 vinakamilisha mzunguko mmoja wa bluzi (blues), muziki wa Wamarekani weusi. Sasa weka wimbo, endelea na makofi yako, na ufuate tarumbeta peke yake. Utaona noti haziangukii kwenye kofi. Nyingine zinakuja kidogo tu baada yake, kama mtu aliyesikia hodi na hakuona sababu ya kukimbilia mlango. Nyingine zinaanza nyuma kabisa, kisha zinateleza na kuifikia bendi mwishoni mwa sentensi. Kwa wanafunzi wangu naita huku ni kukokota noti.

Kuchelewa kwa kutojua kila mpigaji anakufahamu, na sisi wa matarumbeta tunakufahamu zaidi, maana gari likiruka tuta bendi nzima hukosana. Hapa ni jambo tofauti kabisa. Mpigaji ana mapigo mwilini kwa uhakika kiasi kwamba anaweza kuyaacha yapite mbele yake bila hofu ya kupotea. Wewe msikilizaji unayasikia yote mawili, pigo la bendi na pigo la tarumbeta, na kile kinachovutana kati yake ndicho kinachokufanya utikise kichwa bila kujua. Mapigo yakilingana mno na noti, kinachobaki ni gwaride.

Na Armstrong alianzia kwenye gwaride kwelikweli. Alizaliwa New Orleans tarehe 4 Agosti 1901, ingawa yeye mwenyewe maisha yake yote alisema ni 4 Julai 1900. Cheti cha ubatizo ndicho kilichokuja kufichua ukweli, naye akiwa amekwishafariki. Akiwa na miaka 11 alifyatua bastola mtaani usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1913, akakamatwa na kupelekwa kwenye shule ya watoto watukutu. Huko ndiko alikofundishwa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, akapiga kwenye bendi ya shule iliyokuwa ikizunguka mitaani. Mji ule ulikuwa na bendi za shaba kwa kila shughuli, na hasa mazishi: kwenda makaburini taratibu, kurudi kwa shangwe. Mtu wa Temeke au Tandika hahitaji kuelezwa sana maana ya tarumbeta kutembea barabarani na watoto nyuma.

Mwaka 1922 mpiga koneti Joe Oliver, aliyeitwa King Oliver, alimwita Chicago awe koneti ya pili kwenye bendi yake. Kuna jambo la wakati ule ambalo wapiga tarumbeta tunalisimulia kama hadithi ya Abunuwasi. Wawili wale walikuwa wakijitokeza ghafla katikati ya wimbo, bendi ikanyamaza, wakapiga kwa pamoja sauti mbili zilizopatana, na hakuna karatasi mbele yao. Wanamuziki wengine walikuja kukaa mbele ili wagundue siri. Baadaye Armstrong alieleza: Oliver, bendi ikiwa bado inapiga, alikuwa akibonyeza vali, yaani vibonyezo vya vidole, za koneti yake kimyakimya kuonyesha kile atakachokipiga, na kijana pembeni anakodoa macho na kutafuta sauti ya pili papo hapo. Sijawahi kufanikiwa kufanya hivyo na mtu yeyote, na nimejaribu.

Kisha mwaka 1925 akaanza kurekodi kwa jina lake mwenyewe, na kikundi cha watu watano cha studio kilichoitwa Hot Five. Piano alipiga Lil Hardin, mkewe, ambaye ndiye aliyemsukuma atoke kwenye kivuli cha Oliver. Kama unataka kusikia kukokota noti kukiwa uchi kabisa, tafuta "Potato Head Blues" ya Mei 1927, wakati kikundi kimeongezwa na kufika watu saba. Kuna mahali bendi inagonga pigo moja tu, kisha inanyamaza vipimo viwili karibu vizima, inagonga tena, inanyamaza tena. Katikati ya ukimya huo tarumbeta inatembea peke yake. Hakuna dramu ya kumshikia mkono. Na kila bendi inaporudi kugonga, yeye yupo pale anapotakiwa kuwa.

Lakini nilianza na "West End Blues", na ndiyo nitakayomaliza nayo. Utunzi ni wa Oliver. Kikundi cha siku hiyo kilikuwa kingine tayari, Earl Hines kwenye piano na Zutty Singleton kwenye dramu. Wimbo unaanza na tarumbeta tupu. Noti nne za kwanza zimekanyagwa moja moja kwa uzito, kisha mstari unapanda hadi kileleni na kuteremka ukizungukazunguka, hakuna mapigo ya kuhesabu, mpaka bendi inapoingia. Yote hayo ni kama sekunde 12 hivi. Msikilizaji wa taarab ya Unguja analijua jambo hili: ni kama taksim, pale kanuni (ile ala ya nyuzi) au udi unapotangulia peke yake na kuzunguka kwenye maqamu, yaani ngazi za sauti, kabla ya wimbo kushika mwendo. Sisemi Armstrong aliwahi kusikia taksim. Chanzo chake kimojawapo kilikuwa opera, ile michezo ya jukwaani ya Ulaya inayoimbwa. Ujanani alinunua gramafoni, na miongoni mwa santuri zake zilikuwa za Caruso na waimbaji wengine wa Italia, ambao nao kiongozi wa okestra huwasubiri wamalize kupamba noti zao. Ila sikio lililolelewa na taarab lina faida hapa. Halihitaji kuambiwa kwamba ule si wakati wa kusubiri wimbo uanze.

Mzunguko wa kwanza anapiga sauti ya wimbo kwa ustaarabu, karibu na ilivyotungwa, isipokuwa mwishoni anapopanda ngazi. Tromboni inachukua wa pili. Sina la kuongeza juu yake, ni kazi ya kawaida. Wa tatu ni mazungumzo: klarineti inasema chini kwa upole, Armstrong anaitikia kwa sauti ya kinywa bila neno hata moja. Sikiliza jinsi sauti yake ya kuimba inavyochelewa palepale ambapo tarumbeta ingechelewa. Ni mtu yuleyule, amebadilisha chombo tu. Wa nne ni wa Hines, na piano yake inang'ara kiasi kwamba mwanafunzi wangu alitaka turudie hapo, nikamkatalia.

Nilimkatalia kwa sababu ya mzunguko wa tano. Armstrong anaingia kwa noti moja ya juu na kuishikilia. Anaishikilia kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na karibu chote cha nne. Bendi inatembea chini yake, yeye hasogei. Ni takriban sekunde kumi, na kwenye tarumbeta sekunde kumi za noti ile ni ndefu sana. Kwa sisi wapigaji ni do ya juu, noti isiyobonyezwa vali hata moja. Vidole havina kazi. Imesimama kwa midomo, misuli ya tumbo na pumzi basi. Ukilegeza chembe inaporomoka kwenye noti ya chini yake, ukikaza kupita kiasi inapasuka. Na anayeishikilia hivyo asitetereke ni mtu aliyekwisha kupiga mizunguko mingine, tena mbele ya maikrofoni, zama ambazo ukikosea hakuna kukata na kuunga. Mnarudia yote tangu mwanzo.

Watu husifu noti hiyo kwa sababu ni ya juu na ndefu. Mimi naiona kwa namna nyingine, na hapa najua nitapingwa na wapigaji wenzangu. Ile ndiyo kuchelewa kukubwa kuliko kote kwenye wimbo. Mzunguko mzima wa bluzi unaanza, kila msikilizaji anasubiri sentensi ya kwanza, naye anaiahirisha. Theluthi ya mzunguko inapita akiwa bado kwenye neno moja. Ndipo anapoachia, na noti zinaporomoka kwa makundi, zinarudia umbo lilelile mara kwa mara, kila mara likiwa limekaa kidogo nje ya pigo. Yangekuja bila ule mshikilio, yangekuwa mbwembwe.

Billie Holiday, aliyekuja kuwa mwimbaji mkubwa wa jazz, aliisikia santuri hii akiwa mtoto Baltimore. Kwa simulizi yake mwenyewe, alikuwa akitumwa kazi kwenye danguro moja, na badala ya kudai ujira aliomba aachwe akae sebuleni asikilize gramafoni. Alisema siku nyingine ilimliza, siku nyingine santuri hiyohiyo ikamfurahisha. Kilichomshangaza ni kwamba mtu anaweza kuimba bila maneno na bado akaeleweka. Ukimsikiliza yeye mwenyewe alivyokuja kuimba, anavyoacha bendi itangulie kisha aifuate kwa hatua zake, utajua alichokiokota pale sebuleni.

Mdomo una gharama yake. Kwa miaka Armstrong alipiga noti za juu kwa mamia kila usiku ili kuwaridhisha waliolipa kiingilio, midomo ikachanika, na miaka ya 1930 ilimbidi aache kupiga kwa vipindi ili ipone. Alipofanya ziara ya Afrika mwaka 1960, akapita Leopoldville (sasa Kinshasa), Elisabethville (sasa Lubumbashi) na Nairobi, alikuwa anakaribia miaka 60 na noti zake zilikuwa zimepungua. Wapo wataalamu wanaozungumzia miaka hiyo kana kwamba ni makapi. Sikubaliani nao. Alibakiwa na mahali pa kuiweka noti, na hicho ndicho kilichokuwa adimu tangu mwanzo.

Kwa anayetaka kusikiliza leo, ushauri wangu ni mdogo. Tumia spika za masikioni, hata za bei ya kariakoo. Ukipata nakala yenye mchakato mdogo wa kusafishwa, ichukue hiyo, uvumilie mkwaruzo wa santuri. Wengine wakiondoa mkwaruzo huondoa na pumzi. Usiweke wimbo wa pili mara moja. Na usijaribu kusikia vyombo vyote. Mara ya kwanza fuata tarumbeta, mara ya pili piga makofi na ujifanye wewe ndiwe dramu, mara ya tatu fuata piano ya Hines peke yake, hapo sasa ruhusa.

Mwanafunzi wangu alijaribu ile noti siku hiyohiyo. Alifika kipimo cha pili, akawa mwekundu machoni, jirani akafungua dirisha. Alipopumua tukaurudisha wimbo mwanzo na safari hii hakugonga mguu. Tulipofika mwisho alinyoosha mkono azime, nikamzuia, kwa sababu baada ya bendi kumaliza kila kitu Zutty anabaki na kijigongo kimoja kidogo cha matoazi, tak, kama mtu aliyefunga mlango wa kabati. Nacho kinakuja kimechelewa.