Tunamwogopa nyoka, tunasahau mvua: dhana potofu kuhusu kupanda mlima na watoto

Wifi yangu anaishi Dar es Salaam, mimi naishi Morogoro, na kwa miaka mingi milima ya Uluguru kwake ilikuwa kitu cha kutazama dirishani basi likipita kwenda Dodoma. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000 na mwendo usiozidi saa mbili, nikamwambia: wifi, sasa hakuna cha kukuzuia, leta watoto Jumamosi. Alikuja. Ila kabla ya kuja alinipigia simu mara tatu, na maswali yake ndiyo ninayoulizwa na karibu kila mzazi. Mengi yametokana na hofu zisizo na msingi. Hatari za kweli hakuziuliza hata moja, na ndiyo maana naandika.

"Kupanda milima ni mambo ya wazungu"

Amka alfajiri usimame kwenye barabara inayopanda Morningside, nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo mlimani juu ya mji wa Morogoro. Utakutana na akina mama wa Kiluguru wanashuka na ndizi na mboga kichwani wakiwahi soko, wengine na mtoto mgongoni. Njia tunazoziita za watalii ndizo njia zao za kila siku, na walizipita kabla Wajerumani hawajajenga nyumba hiyo.

Wifi mwenyewe amekunywa maji ya mlima huu miaka yote bila kuukanyaga. Vijito vya upande wetu vinaingia mto Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba ya Dar. Nilipomwambia hivyo tukiwa tumesimama kando ya kijito, alivua kiatu akatia mguu. "Kumbe haya ndiyo maji yetu," akasema.

"Msituni kumejaa nyoka, na tukiumwa tuna jiwe"

Hili nitakaa nalo, maana linaua watu. Nyoka wapo, kweli. Lakini wengi wao wakisikia kishindo cha miguu huondoka kabla hujawaona. Wa kuangaliwa ni kifutu, kwa sababu yeye hakimbii: hulala palepale amefanana na majani makavu, na humgonga anayemkanyaga. Kwa hiyo kinga yenyewe ni rahisi. Viatu vilivyofunika mguu, wala si ndala. Mtoto asikimbilie vichakani, asitie mkono kwenye shimo au chini ya jiwe, na gogo likaguliwe kabla ya kukaliwa.

Sasa lile jiwe jeusi. Wifi alikuwa nalo kwenye pochi, limefungwa kwenye kitambaa, alipewa na mama yake. Kwa heshima zote kwa mama, jiwe halivuti sumu. Sumu ikishaingia husambaa mwilini, na kitu kilichobandikwa juu ya ngozi hakiwezi kuirudisha. Ubaya wake mkubwa ni muda: mtu anakaa na jiwe mguuni saa tatu akisubiri lidondoke, na saa tatu hizo ndizo angekuwa hospitali. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba kwa nguvu navyo vinaongeza madhara tu. Kamba inaweza kuozesha mguu.

Linalotakiwa ni hili: mtulize aliyeumwa, vua pete, bangili na viatu kabla hajavimba, mguu au mkono uufunge kwa kijiti kama uliovunjika ili usitikisike, mbebe, mpeleke hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Mtoto anahitaji haraka zaidi, kwa kuwa sumu ile ile imeingia kwenye mwili mdogo. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Kabla ya kuondoka nyumbani, ulizia ni hospitali gani ya karibu yenye dawa hiyo. Simu moja tu.

"Kinyonga ana sumu, tena ni mkosi"

Hakuna kinyonga mwenye sumu duniani. Hakuna. Uluguru ina kinyonga wa ajabu ambaye dume lake lina pembe tatu puani, na wanapatikana Tanzania pekee. Mtoto wa wifi, wa miaka sita, aliona mmoja kwenye tawi, jicho moja likimtazama yeye na jingine likitazama nyuma. Mama akapiga yowe. Mtoto alichuchumaa pale karibu robo saa, kimya, kitu ambacho mama yake anasema hakijawahi kutokea nyumbani. Msimshike, mnamsumbua bure, wala msimuue. Wengi wanapigwa mawe kwa uongo huu.

"Maji ya mlimani ni masafi, hayahitaji kuchemshwa"

Juu ya kile kijito kuna mashamba, mbuzi, na nyumba zenye vyoo. Ubaridi wa maji na ung'aavu wake havisemi lolote kuhusu vijidudu. Beba maji ya nyumbani. Mimi nahesabu lita moja na nusu kwa kila mtu kwa nusu siku, na sijawahi kurudi nayo.

Kuhusu kuoga, tofautisheni maji yanayokwenda kasi kwenye mawe na maji yaliyotuama. Konokono wa kichocho hupenda maji ya polepole: mabwawa, mifereji, majaruba ya mpunga. Mdudu wa kichocho hupenya ngozi bila mtoto kumeza hata tone. Familia inaogopa msitu mchana kutwa, halafu jioni inawaacha watoto wapige mbizi bwawani.

"Hapa jua linawaka, mvua iko wapi?"

Hili ndilo nililotaka wifi aniulize. Korongo halijazwi na mvua iliyo juu ya kichwa chako, linajazwa na ile iliyonyesha juu mlimani, ambayo huioni. Septemba 2019, kwenye korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, mafuriko ya ghafla yaliwasomba watalii pamoja na mwongozaji wao. Maji yakianza kuwa na tope, yakileta majani na vijiti, au mkisikia ngurumo upande wa juu, tokeni mtoni mpande ukingo. Msirudi kuchukua viatu. Msitandike mkeka wa chakula katikati ya mto mkavu, hata kama kivuli chake ni kizuri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mimi na wanangu hatuendi kwenye maporomoko kabisa.

Na radi, ambayo wengi huamini huvutwa na nguo nyekundu, haina habari nazo. Hugonga kilichosimama juu kuliko vingine, na ndiyo maana mti mmoja ulio peke yake ni mahali pabaya pa kujificha. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, ingieni ndani ya nyumba au gari.

"Afrika hakuna baridi"

Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano, kimepita mita 2,000. Joto hupungua nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo juu ni pungufu kwa nyuzi 9 hivi, na ukungu unalowesha. Sweta kwa kila mtoto. Bondwa iko ndani ya hifadhi inayosimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo pitieni ofisini kwao kwanza mlipie kiingilio na mpate mwongozaji.

"Kupanda ndiyo kazi, kushuka ni kuteleza tu"

Kuteleza kwenyewe ndiko tatizo. Wakati wa kushuka magoti yamechoka, watoto wana haraka, na vidole vinagonga mbele ya kiatu. Kateni kucha za miguu siku moja kabla. Isitoshe, kwetu huku giza haliji polepole: jua likizama, ndani ya nusu saa huoni njia, na chini ya miti mapema zaidi. Sisi tunageuka saa sita mchana popote tulipofika. Siku ile tuligeuka hatujafika Morningside, na wifi akanuna kidogo, maana alishahesabu kona zilizobaki.

Watoto hawakunung'unika. Walikuwa wameshakula mihogo yote ya kuchemsha, na yule wa miaka sita alikuwa anatangulia, anakagua kila tawi. Kwenye treni ya jioni walilala toka Morogoro mpaka Dar. Wanarudi Septemba. Wifi amesema tuanze saa kumi na mbili asubuhi kamili, na jiwe amelirudisha kabatini kwa mama.