Sisilia Inayosemwa na Sisilia Iliyopo

Taja Sisilia mbele ya watu watano: wanne watakujibu kwa neno moja, mafia. Wa tano atataja pizza, ambayo kwao ni Napoli. Nimekifuatilia kisiwa hiki kwa miaka, kwa kusoma na kwa kutembea, na kila nikikirudia naona jinsi kinavyodhulumiwa kwa kujulikana nusunusu. Ni mkoa mkubwa kuliko yote ya Italia, kilomita za mraba zipatazo 25,700, wenye watu takriban milioni 4.8. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania. Na msomaji wa Kiswahili, hasa aliyekulia pwani, ana funguo za kukifungua ambazo Mzungu wa kaskazini hana. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo mara kwa mara.

Dhana: Sisilia ni mafia, na kisiwa chetu cha Mafia kilipata jina huko

Tuanze na jina. Kisiwa cha Mafia, mkabala na mlango wa Rufiji, kilikuwa na jina lake zamani sana kabla neno hilo halijasikika Sisilia. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walikitaja kama Monfia walipokuwa wakisimulia habari za masultani wa Kilwa. Huko Sisilia neno mafia lilianza kuenea miaka ya 1860, baada ya tamthilia moja iliyochezwa Palermo kuhusu wafungwa wa gereza la mji huo. Majina haya yamegongana kwa sauti tu.

Genge lenyewe lipo, na damu lililoimwaga ni nyingi. Lakini waliosimama kulipinga ni Wasisilia wenyewe, na hili ndilo linalosahauliwa. Mahakimu Giovanni Falcone na Paolo Borsellino walizaliwa Palermo, wakakulia mtaa mmoja wa Kalsa. Kazi yao na ya wenzao ndiyo iliyozaa ile kesi kubwa ya Februari 1986, iliyowapandisha kizimbani washtakiwa zaidi ya 470, na zaidi ya 300 wakatiwa hatiani. Tarehe 23 Mei 1992 Falcone aliuawa kwa bomu lililofukiwa chini ya barabara kuu karibu na Capaci, pamoja na mkewe, Francesca Morvillo, aliyekuwa naye hakimu, na walinzi watatu. Siku 57 baadaye wakammaliza Borsellino.

Mimi anayenigusa zaidi ni Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo pale Palermo. Alitakiwa kulipa pizzo, yaani ile fedha wafanyabiashara wanayotozwa na genge ili waachwe salama. Akakataa, na Januari 1991 akaandika barua gazetini kuwaambia wazi kwamba halipi. Wenzake wa biashara hawakumuunga mkono. Agosti mwaka huohuo akapigwa risasi. Mwaka 2004 kikundi cha vijana kilibandika vikaratasi usiku katika mitaa ya Palermo, vikisema kwamba watu wanaolipa pizzo wote kwa pamoja ni watu wasio na utu. Hapo likazaliwa vuguvugu la Addiopizzo. Leo ukipita madukani utaona kibandiko mlangoni: "Namlipa asiyelipa." Mteja anaambiwa kwamba fedha yake haitaishia mfukoni mwa genge. Ni kikaratasi tu, lakini anayekijua kisa cha Grassi hawezi kukipita bila kusimama.

Dhana: historia yake ni Wagiriki na Warumi, basi

Wagiriki walifika karne ya 8 kabla ya Kristo, wakajenga Siracusa, mji alikozaliwa na kuuawa Archimedes, yule bingwa wa hisabati. Hekalu la Concordia kule Agrigento, la karne ya 5 kabla ya Kristo, bado limesimama na nguzo zake zote 34. Halikusalimika kwa bahati: karne ya 6 liligeuzwa kanisa, na jengo linaloswaliwa halibomolewi mawe. Warumi nao walikifanya kisiwa jimbo lao la kwanza la ng'ambo mwaka 241 kabla ya Kristo. Hayo yote ni kweli, na vitabu vya shule vimeyaeleza vya kutosha.

Kinachorukwa ni karne mbili na zaidi za utawala wa Waislamu. Jeshi lililotoka Afrika Kaskazini lilishuka Mazara mwaka 827, Palermo ikaanguka mwaka 831. Msafiri Ibn Hawqal alipofika Palermo mwaka 973 alihesabu misikiti zaidi ya 300. Mifereji ikachimbwa, malimau na miwa ikapandwa, mji ukanawiri. Kisha wakaja Wanormani, wapiganaji Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakauteka Palermo mwaka 1072, na hapa ndipo historia inapokuwa tamu, kwa sababu washindi hawa waliendelea kuwatumia makarani, mafundi na wataalamu waliowakuta. Hesabu za mfalme ziliandikwa kwa Kiarabu katika ofisi iliyoitwa diwani. Hilo neno tunalo nasi, na ndilo mzazi wa neno la Kiitaliano la forodha, dogana.

Ukifika Palermo nenda kanisa kuu, baraza ya upande wa kusini. Nguzo ya kushoto ina maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye marumaru, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Ni aya ya 54 ya Surat Al-A'raf, inayoanza kwa kutaja kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mahali hapo palikuwa na msikiti mkuu wa mji, na nguzo ikabaki. Niliposimama hapo, waumini walikuwa wakiingia misani, wengine wakiigusa kwa bega bila kuitazama. Halafu nenda jumba la kifalme, ndani ya Cappella Palatina, kanisa dogo la mfalme, uinue macho: kuta zimejaa mosaiki, yaani picha za vipande vidogo vya rangi, za Kigiriki za Kristo na mitume, na dari ni ya mbao iliyochongwa vishubaka vidogovidogo kwa ufundi wa Kiislamu na kuchorwa wapiga ala na wanywaji. Karibu na hapo kuna jiwe la mwaka 1142 linalosifu saa ya maji ya mfalme Roger wa Pili, kwa lugha tatu: Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.

Huyo Roger alimwajiri mwanajiografia Mwislamu Muhammad al-Idrisi, mzaliwa wa Ceuta kule Afrika Kaskazini, amtengenezee maelezo ya dunia nzima. Kazi iliwachukua kama miaka 15. Mwaka 1154 kitabu kikakamilika, pamoja na ramani 70 zilizochorwa kusini ikiwa juu. Al-Idrisi hakufika kwetu. Alikusanya habari za wasafiri na kuzipima. Na bado, ndani ya kitabu hicho kilichoandikwa Palermo imo Malindi, na habari kwamba chuma ndicho kilichokuwa biashara yake kubwa. Imo Mombasa pia. Mwanafunzi wa pwani anayetafuta miji yake katika maandishi ya karne ya 12 atalazimika kupita jikoni kwa mfalme wa Sisilia.

Dhana: basi palikuwa paradiso ya dini tatu, Uislamu, Ukristo na Uyahudi

Wapenzi wa historia hiyo nao huizidisha chumvi, na mimi niliwahi kuwa mmoja wao. Mwaka 1161 Waislamu wa Palermo waliuawa katika ghasia za kuipindua serikali. Mjukuu wa Roger, mfalme Federico wa Pili, aliyeongea na wanazuoni wa Kiislamu na kuwaheshimu, ndiye aliyewahamisha kwa nguvu maelfu ya Waislamu wa Sisilia kutoka miaka ya 1220 na kuwapeleka Lucera, bara ya Italia. Mwaka 1300 mji wao huko nao ukavunjwa, wengi wakauzwa utumwani. Wayahudi wakafukuzwa kwa amri ya mwaka 1492. Kushirikiana kulikuwepo, kwa manufaa ya mfalme, na kulidumu kadiri mfalme alivyoona faida.

Dhana: Kisisilia ni Kiitaliano kilichoharibika

Kisisilia kilitoka kwenye Kilatini kwa njia yake chenyewe, na kilikuwa lugha ya ushairi kabla ya kile Kiitaliano cha Toscana, mkoa wa Italia ya kati, kushika hatamu. Katika baraza la Federico, Giacomo da Lentini ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa soneti, shairi la mistari 14. Dante mwenyewe, mshairi mkuu wa Kiitaliano, alikiri kwamba ushairi wote wa Waitalia uliitwa wa Kisisilia.

Lakini mimi raha yangu ni kusikiliza maneno. Birika kubwa la kumwagilia michungwa wanaliita gebbia, nasi wazee wetu wanasema jabia. Jiko la kujengwa ni tannura, kwetu tanuri. Zafarana ni zafarani. Zabibu nono za kisiwa cha Pantelleria ni zibbibbu, na divai yake huuzwa kwa jina hilo. Mlima Etna una jina la pili, Mongibello: nusu ya kwanza ni mlima kwa Kilatini, nusu ya pili ni jabali kwa Kiarabu, kwa hiyo ukiutaja umesema mlima mara mbili. Marsala, alikoshuka Garibaldi mwaka 1860 kwenda kuiunganisha Italia, imeanza na marsa, bandari. Maneno yametoka chemchemi moja ya Kiarabu yakaenda kaskazini na kusini, na Mswahili anayepita sokoni huko huyasikia kabla mwalimu hajamfundisha.

Dhana: tambi zililetwa Italia na Marco Polo kutoka Uchina

Marco Polo alirudi Venezia mwaka 1295. Al-Idrisi, karibu miaka 140 kabla, alikwisha kuandika kwamba Trabia, mashariki ya Palermo, palikuwa na vinu vya maji na tambi nyingi zilizoitwa itriyya, zikipakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Nadhani hapo hoja imekwisha. Kule Trapani bado wanasokota kuskusi kwa vidole ndani ya bakuli la udongo, wakaimwagia mchuzi wa samaki. Na vitafunio vya barabarani vya Palermo ni panelle, unga wa dengu uliokaangwa na kutiwa ndani ya mkate. Mla bajia hatasumbuka.

Dhana: Etna ndiyo inayowaua watu wake

Etna imepita mita 3,300: ndefu kuliko Ol Doinyo Lengai, fupi kuliko Meru. Hulipuka mara kwa mara, na picha za moto usiku hutisha. Lakini lava yake hutembea polepole kiasi kwamba watu huihama. Mwaka 1928 iliufunika mji wa Mascali, na wenyeji wakawahi kutoa mpaka milango na madirisha. Mwaka 1669 ilifika Catania, ikaizunguka ngome ya Ursino iliyokuwa kando ya bahari. Leo ngome hiyo iko ndani ya mji, kwa kuwa lava ilisukuma ufuo mbele.

Muuaji mkubwa wa Sisilia ni tetemeko. La Januari 1693 liliua watu wapatao 60,000 na kuivunja Noto, Ragusa na Catania. Ile miji ya Kibaroko, mtindo wa majengo yenye mapambo mengi, ya mawe ya rangi ya asali wanayoisifia watalii imejengwa juu ya msiba huo. Desemba 28, 1908, ikawa zamu ya Messina.

Mlima wenyewe wenyeji huuita *a Muntagna*, kwa jinsia ya kike. Siku ya majivu unasikia mchanga mweusi ukigonga paa kama mvua kavu, na asubuhi kila mtu ana ufagio barazani. Ndani ya mifereji ya paa majivu yasipoondolewa huganda, kwa hiyo vijana hupanda kufagia kabla mvua haijanyesha. Barabara za Catania zimetandikwa mawe ya lava, na katikati ya uwanja mkuu kuna tembo mweusi aliyechongwa kwa lava hiyohiyo, nembo ya mji. Udongo wa mteremkoni hulea mizabibu, na kule Bronte huota pistachio, ambayo huvunwa kila baada ya mwaka mmoja kupita.

Dhana: Waafrika walifika Sisilia juzi, kwa mashua za Lampedusa

Tazama ramani kwanza. Lampedusa, kisiwa kidogo cha Italia wanakofikia wahamiaji, iko karibu na Tunisia kuliko na Sisilia yenyewe, na ncha ya kusini ya Sisilia iko kusini zaidi ya mji wa Tunis. Watu wamevuka mlango huo wa bahari pande zote mbili tangu zama za Wafoinike. Wengine waliletwa kwa minyororo.

Mmoja wa watakatifu wasimamizi wa Palermo ni mtu mweusi, Benedetto, aliyepewa lakabu ya il Moro. Alizaliwa San Fratello kama mwaka 1526, wazazi wake wakiwa Waafrika waliotiwa utumwani. Barani Amerika, watumwa na wazawa wao walimshika kuwa msimamizi wao kabla Kanisa halijamtangaza mtakatifu mwaka 1807. Alikuwa bruda wa Kifransisko katika konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Santa Maria di Gesù, nje kidogo ya Palermo, na kazi yake ilikuwa upishi. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1578 ndugu zake wakamchagua kuwa mkuu wa konventi, akaiongoza, na muda wake ulipokwisha akarudi jikoni.