Kwa Nini Mwanafunzi wa Kubadilishana Halipi Ada Ugenini?

Mwanafunzi kutoka Sweden anatua Entebbe na cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano, anapanga chumba hosteli ya Nakawa, anasoma biashara muhula mzima na kufanya mitihani, kisha anarudi kwao bila kukilipa chuo cha Kampala hata shilingi mia ya ada. Mwenzake Mganda aliyekwenda Sweden muhula huohuo naye hakulipa ada huko. Basi nani kalipa?

Mganda amelipa Kampala, kama kawaida yake. Msweden amelipiwa na walipakodi wa kwao, maana Sweden haiwatozi raia wake ada ya chuo kikuu. Vyuo viwili vinapotia saini mkataba wa kubadilishana wanafunzi havitumiani pesa, vinapeana viti. Kiti changu kwa kiti chako, muhula kwa muhula. Ni mali kwa mali, ile biashara ambayo mwalimu wa uchumi husema ilikufa sarafu ilipoingia sokoni. Inachekesha kidogo kuikuta ikishamiri kwenye vyuo vya biashara.

Uzuri wake ni kwamba viti huhesabiwa sawa hata kama bei zake hazifanani. Sweden ilianza kuwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2011, Finland 2017, na Norway 2023. Mganda anayejiandikisha huko kwa shahada nzima atakutana na ada hiyo. Anayekwenda kwa kubadilishana hatozwi, kwa sababu kiti chake kimeshalipwa kwa kiti cha Kampala.

Lakini mali kwa mali hudai daftari lisawazishwe. Afisa wa mahusiano ya kimataifa huandika nani katoka na nani kaingia, na chuo kilichopeleka wanne na kupokea mmoja kina deni la viti vitatu. Deni hilo huweza kuvumiliwa kwa mihula kadhaa, lakini likikua upande wa pili hufunga mlango. Ungedhani chuo cha Uganda ndicho kitakachodaiwa daima, kwa vile kila kijana anataka kwenda Ulaya. Mara nyingi mambo huwa kinyume: wageni wanakuja, Waganda wanakwama. Ada imesamehewa, ndiyo, lakini chumba, chakula, bima na tiketi havijasamehewa. Ujerumani, kwa mfano, tangu Septemba 2024 humtaka mwombaji wa viza ya masomo aonyeshe euro 992 kwa kila mwezi atakaokaa. Miezi sita ni euro 5,952, zaidi ya shilingi milioni 22 za Uganda. Mzazi gani mwenye duka Kireka anazo zimelala benki?

Ndiyo maana mikataba inayodumu huwa na mfadhili nyuma yake. Mpango wa Ulaya wa Erasmus, ulioanza 1987 na wanafunzi 3,244 waliozunguka ndani ya Ulaya tu, tangu 2015 umekuwa ukigharamia pia safari za kati ya Ulaya na Afrika, pamoja na posho ya kila mwezi. Mkataba usio na pesa za namna hiyo mara nyingi huishia kwenye picha ya viongozi wakipeana mikono.

Haya, tuseme pesa imepatikana. Sasa njoo kwenye alama, ambako kwa maoni yangu programu nyingi huumbuka. Katika mfumo wa Makerere pointi 5.0 ndiyo kilele. Ujerumani 5.0 ni kufeli, na kilele ni 1.0. Mganda akirudi na 1.3 kwenye transkripti, mhadhiri asiyejua atamhurumia, kumbe kijana ameng'ara.

Kugeuza nako kuna mitego. Vyuo vingi vya Ujerumani hutumia kanuni iitwayo ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wa kigeni, toa aliyopata mwanafunzi, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Mjerumani aliyepata 80 kwa 100 Kampala, ambako kufaulu ni 50, atapata 2.2, alama nzuri ya kawaida. Lakini 80 hiyohiyo kwa Makerere ni A, pointi 5.0. Ukiingiza pointi badala ya asilimia, kanuni ileile inatoa 1.0. Mtihani mmoja, mwanafunzi mmoja, matokeo mawili! Ofisi makini hukubaliana mapema ni namba zipi zitakazotumika, na nyingine huamua kuandika "amefaulu" tu.

Kozi zenyewe huchaguliwa kabla ya safari, kwenye karatasi inayosainiwa na mwanafunzi na vyuo vyote viwili. Masoko, mikakati na biashara ya kimataifa husafiri vizuri. Kodi haisafiri: VAT ya Uganda ni asilimia 18, ya Sweden 25, na sheria zake ni tofauti kabisa. Anayesomea uhasibu atafute muhula usio na somo hilo.

Kuna na kalenda. Muhula wa kwanza Kampala huanza Agosti na kuisha Desemba. Madarasa ya Ujerumani huanza Oktoba na kwenda hadi Februari, kwa hiyo anayekwenda huko anaweza kuvuruga mihula miwili kwa kusoma mmoja. Sweden, inayoanza mwishoni mwa Agosti, inakaribia zaidi.

Vizingiti vingine huwa vyepesi safari ikiwa ya hapa jirani. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, linaloshughulikia kulinganisha shahada na krediti, lina makao yake hapahapa Kampala. Mkenya huvuka Busia kwa kitambulisho cha taifa, bila foleni ya ubalozi wala akaunti ya euro. Somo la kodi tu ndilo atakaloliacha kwao: VAT ya Kenya ni asilimia 16.