Huruma haifuti deni

"Huruma hujitukuza juu ya hukumu." Maneno haya ya Yakobo 2:13 husikika sana kanisani mtu anapokamatwa na fedha za watu. Mhazini wa kikundi cha akiba amekula shilingi 500,000, ametubu mbele ya waumini, basi yaishe.

Sivyo. Nusu ya kwanza ya aya huachwa: "hukumu haina huruma kwake yeye asiyeona huruma." Yakobo alikuwa akiwakaripia waliompa tajiri mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, huku maskini akiambiwa akae chini. Anayebebwa leo kwa aya hii, mara nyingi, ndiye mwenye pete.

Kitabu cha Hesabu 5:7 kinamtaka mkosaji aungame, arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Kwa mhazini wetu ni 600,000, na zinakwenda kwa aliowadhulumu, si kwenye kapu la sadaka. Zakayo, mtoza ushuru tajiri wa Injili ya Luka, alijipangia kurudisha mara nne. Ila tazama mpangilio: Yesu alimwita kwanza, ahadi ya kulipa ikafuata. Malipo hayanunui huruma; yanaonyesha imepokewa.

Hata Waacholi wa kaskazini mwa Uganda hawatenganishi upatanisho na fidia. Wana mato oput, desturi ya kupatanisha: mkosaji hukiri, fidia hutolewa, ndipo pande mbili hunywa pamoja kinywaji kichungu cha mzizi wa mti uitwao oput.

Asiye na fedha zote alipe kwa awamu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Faini na riba kikundi kinaweza kumsamehe. Kumrudishia ufunguo wa sanduku la akiba ni suala jingine, na kumnyima si ukatili.