“Yes” peke yake haitoshi: Kiingereza na usalama wa meli

Nilipokuwa kadeti, nilisimama tezini, yaani sehemu ya nyuma, meli yetu ikijiandaa kuondoka gatini, na kazi yangu ilikuwa kumwarifu ofisa aliyekuwa kwenye chumba cha usukani kuhusu kamba zilizo karibu na propela. Aliniuliza kwa redio, kwa Kiingereza, kama kamba ya mwisho bado haijatoka majini. Nikajibu “Yes”, kwa kuwa Mswahili akiulizwa “Haijatoka?” hujibu “Ndiyo, haijatoka”, lakini ofisa akaelewa kwamba imetoka. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, aliyekuwa kando yangu alichukua redio akasema kamba ingali majini, na injini haikuwashwa. Propela ikinasa kamba, meli hupoteza nguvu ya kwenda, tena mahali pasipo na nafasi ya kukosea, na kamba inayokazwa ghafla inaweza kukatika ikamwua aliye karibu nayo.

Wengi ninaowafundisha mawasiliano ya redio hudhani udhaifu wao ni lafudhi au uchache wa msamiati. Nionavyo mimi, hatari kubwa zaidi ni kufikiri kwa lugha moja na kutamka kwa nyingine. Ndiyo maana Misemo Sanifu ya Mawasiliano ya Baharini, iliyopitishwa na IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, Novemba 2001, inataka “Yes” au “No” ifuatwe na sentensi kamili inayorudia jambo lililoulizwa. Inataka pia tuepuke “may”, kwa sababu anayeambiwa “You may enter” hajui kwa hakika kama amepewa ruhusa au ameelezwa tu kwamba inawezekana. Neno letu “unaweza” lina utata uleule. Nambari husomwa tarakimu moja moja, ili 150 iwe “one five zero”, isipokuwa pembe za usukani, ambazo husemwa kwa ukamilifu, kama “fifteen”. Tena mshika usukani hana budi kuirudia kila amri kwa sauti, na aliyeitoa amsikilize mpaka mwisho.

Tarehe 7 Novemba 2007, meli ya makontena Cosco Busan iligonga nguzo ya daraja la San Francisco–Oakland katika ukungu, na zaidi ya lita 200,000 za mafuta zikamwagika. Rubani Mmarekani, yaani mwenyeji anayeelekeza meli bandarini, alikuwa amemwuliza nahodha Mchina maana ya alama nyekundu kwenye ramani ya kielektroniki, akapata jibu fupi lililomfanya aamini kwamba zilionyesha katikati ya upenyo wa daraja, ilhali zilikuwa maboya yaliyo karibu na nguzo. Wachunguzi walitaja pia dawa alizokuwa akitumia rubani, lakini mawasiliano dhaifu kati ya wawili hao yalikuwa miongoni mwa sababu. Mimi hubaki nikiyafikiria yale maneno machache: swali liliulizwa, jibu likatolewa, na bado wawili hao hawakuelewana.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, sura ya tano, kanuni ya 14, unaruhusu lugha nyingine badala ya Kiingereza iwapo wanaowasiliana wote wanaifahamu, hivyo manahodha wawili wanaopishana kati ya Tanga na Mombasa wanaweza kuelewana kwa Kiswahili. Hata hivyo huwashauri watumie Kiingereza panapokuwa na meli ya tatu karibu, kwa sababu nayo huenda inawasikiliza kwenye redio, na inahitaji kujua ni nani atakayegeuka na atageukia upande gani.