Ukoga wa meno ya mbwa ni nini, na mfupa mbichi unautoa kweli?

Hapa Mombasa, kuanzia Nyali mpaka Kisauni, ukiuliza mdomo wa mbwa unanuka nifanyeje utaambiwa chukua mfupa mbichi pale bucha, meno yatajisafisha. Kuna ukweli hapo ila ni nusu.

Mdomoni mwa mbwa kuna bakteria, wanajitandaza juu ya meno wafanye utando laini unaonata, na huo utando ukiupitishia mswaki mapema unatoka bila shida. Ukiuacha siku mbili tatu madini ya kwenye mate yanaugandisha unakuwa gamba gumu la njano au kahawia, sana sana magego ya juu upande wa shavuni, na hilo mswaki hauling'oi tena. Huo ndio ukoga. Lakini ubaya mkubwa si lile gamba unaloliona, ubaya uko chini ya ufizi, bakteria wanaingia pale kati ya ufizi na jino, ufizi unavimba, mfupa unaoshika jino unalika polepole mpaka jino linalegea, na mbwa bado anakula kama kawaida manake mbwa anajua sana kuficha maumivu. Kwa hivyo mdomo ukinuka usiseme ati ndio harufu ya mbwa, angalia ufizi.

Sasa mbwa akiguguna kitu kibichi jino linasuguliwa na ukoga wa juu unapungua, hiyo ni kweli. Chini ya ufizi haufiki, meno yanaweza kung'aa na ugonjwa uko ndani. Halafu ule mfupa mgumu wa mguu wa ng'ombe, wa supu, unaweza kupasua gego kubwa la juu, ukiubonyeza kwa ukucha na haubonyei hata kidogo basi usimpe. Mimi naona afadhali koo la ng'ombe, lile la gegedu, kipande kikubwa asiweze kukimeza kizima, na ukae hapo umwangalie. Mfupa uliopikwa usimpe kabisa, unapasuka vipande vyenye ncha vinatoboa utumbo.

Na joto letu hili! Nyama mbichi ikilala uani mchana salmonela, bakteria wa kuharisha, inazaliana, na huyo mbwa ndiye anamlamba mtoto usoni, kwa hivyo akimaliza kutafuna kinachobaki tupa, osha mikono na sakafu. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni hapana, humo hukaa mabuu ya mnyoo tegu wa Echinococcus, mbwa akiyala yanakomaa utumboni mwake, mwenyewe utamuona mzima tu lakini mayai ya huyo mnyoo yakimwingia mtu yanafanya uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, na Kenya ugonjwa huu upo, Turkana wanaujua miaka mingi.

Kinachosafisha hasa ni mswaki kila siku na dawa ya meno ya mbwa, si yetu, nyingine zina zailitoli, kile kitu cha kutia utamu badala ya sukari, na hiyo ni sumu kwake. Gamba likishaganda mpeleke kwa daktari wa mifugo, atamtia nusu kaputi amkwangue mpaka chini ya ufizi.